Kukosa Pumzi Wakati wa Kukoma Hedhi: Si "Utu Uzima Tu"

Leo ukurasa huu wa afya ni wako, wewe uliyefika miaka 45, au 50, au 55. Kina baba na vijana nao wasome, maana habari hii inawahusu kuliko wanavyodhani.

Umefika umri ambao hedhi, yaani damu ya kila mwezi, inaanza kupotea njia. Mwezi huu inakuja, miezi miwili haionekani, kisha inarudi kwa nguvu. Hilo ulilitazamia. Lakini kuna jambo jingine ambalo pengine hukuambiwa na mtu. Umekaa jioni unachambua mlenda. Ghafla joto linapanda kutoka kifuani mpaka usoni. Jasho linakutoka. Moyo unadunda kama ngoma. Pumzi inakuwa fupi. Unavuta hewa, lakini ni kama haifiki chini. Unaogopa. Unasema moyoni, "Leo ninakufa." Baada ya dakika chache hali inapita, nawe unaona haya kumweleza mtu.

Ukimweleza jirani, atasema, "Ni utu uzima tu, mwenzangu." Wa pili atasema umetupiwa kitu. Wa tatu atakuletea vidonge vya presha vilivyobaki vya mumewe. Wote watatu wanakutakia mema. Lakini hakuna hata mmoja aliyekupima.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze. Kukosa pumzi kunaweza kuletwa na kukoma hedhi. Kunaweza pia kuletwa na ugonjwa uliojificha nyuma ya kukoma hedhi. Kwa kubahatisha huwezi kujua ni kipi.

Najua ni vigumu kusema. Mimi ni tabibu msaidizi wa ngazi ya cheti, na umri wangu ni wa mwanao, pengine wa kitinda mimba wako. Mama wa miaka 50 anamwelezaje kijana kama mimi habari za hedhi? Hapa Nzuguni mama anaweza kukaa kwenye benchi la zahanati asubuhi nzima. Akifika mezani anasema, "Kichwa kinaniuma." Anapewa dawa ya kichwa, anarudi nyumbani na pumzi yake fupi. Hata mwaka 1973, taifa zima liliposoma kwa redio na vitabu katika kampeni ya Mtu ni Afya, tulifundishwa malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Kukoma hedhi hakukuwamo. Basi si kosa lako kwamba hukujua.

Kwanza tuone mwili unafanya nini.

Ndani ya tumbo la mwanamke, pande mbili za mji wa mimba, kuna vifuko viwili vya mayai. Vifuko hivyo hutengeneza kichocheo kiitwacho estrojeni. Kichocheo ni kama tarishi. Husafiri ndani ya damu na kupeleka habari katika viungo vya mwili. Kwa wanawake wengi, kati ya miaka 45 na 55, vifuko hivyo huchoka na kuacha kazi. Mwanamke anahesabiwa kuwa amekoma hedhi akipita miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, hiyo ni mapema mno. Nenda hospitali.

Estrojeni haiishi kwa siku moja. Hupanda na kushuka kama mvua za Dodoma: wiki hii inanyesha, wiki mbili hakuna. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayopima joto la mwili. Estrojeni inapoyumba, sehemu hiyo nayo inayumba. Joto dogo inaliona kama moto. Inaamuru jasho litoke. Inaamuru mishipa ya ngozi ipanuke na moyo uende mbio, ili mwili upoe. Hilo ndilo joto la ghafla unalolisikia. Usiku linakuamsha na shuka limelowa. Usipolala vizuri siku nyingi, wasiwasi unaongezeka, hasira inakuwa karibu, na hata jambo dogo linakutisha.

Wapo wanaosema kwamba damu isiyotoka inapanda kichwani au inaziba moyo. Si kweli. Damu ya hedhi hutoka katika utando wa mji wa mimba. Utando usipojengeka, hakuna damu ya kutoka, na hakuna inayobaki ndani. Kwa hiyo huna haja ya dawa ya kuisukuma nje. Dawa za namna hiyo zinaweza kukudhuru.

Sasa chukua mfano wa kina mama wawili. Usiwatafute majina, maana wamo katika kila kijiji. Wote wawili wana miaka 49. Wote wanasema, "Sina pumzi."

Mama wa kwanza hukosa pumzi akiwa kazini. Zamani alibeba ndoo ya maji kutoka bombani mpaka nyumbani bila kuitua. Siku hizi anaitua mara tatu. Akipalilia mtama, anasimama kila baada ya hatua chache na kushika kiuno. Akipumzika anapata nafuu. Akianza tena, pumzi inakatika tena. Kila mwezi hali inazidi. Ukimuuliza habari za hedhi, anasema, "Inakuja nyingi sana, siku nane au tisa, lakini si ndiyo inamalizika?"

Mama huyu damu imempungua. Katika miaka ya mwisho kabla ya kukoma, hedhi ya wanawake wengine huwa nzito. Damu ndiyo inayobeba hewa safi kutoka mapafuni kwenda mwilini. Ikiwa chache, moyo unalazimika kukimbia ili kidogo kilichopo kifike kila mahali. Ndiyo maana moyo unadunda na pumzi inakuwa fupi. Mwombe mtu atazame kiganja chako, ulimi wako, na upande wa ndani wa kope la chini. Vikiwa vyeupe, usingoje. Lakini hata visipokuwa vyeupe, nenda upimwe wingi wa damu. Ni tone moja tu la kidole. Kwa mwanamke asiye mjamzito, wingi wa damu ukiwa chini ya gramu 12, damu ni pungufu. Utapewa vidonge vya madini ya chuma, na mganga atatafuta damu inapopotelea. Inaweza kuwa uvimbe katika mji wa mimba. Inaweza kuwa minyoo ya safura. Yote yana dawa.

Kula maini, nyama, dagaa, maharage, kunde na majani yake unapopata. Chai usinywe pamoja na chakula, kwani inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Inywe baadaye.

Hapa niseme neno juu ya damu ambalo ni kubwa kuliko pumzi. Kama ulikwisha pita miezi 12 bila hedhi, kisha ukaona damu, hata tone moja kwenye nguo, hiyo si hedhi iliyorudi. Wala si ujana. Wiki hiyo hiyo nenda ukachunguzwe. Mara nyingine ni jambo dogo. Mara nyingine ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi hapa Tanzania. Ikikutwa mapema inatibika.

Turudi kwa mama wa pili. Yeye hubeba ndoo mbili bila shida. Anakosa pumzi akiwa amekaa, au amelala, au yumo katika mkutano wenye watu wengi. Joto linaanza, moyo unakwenda mbio, kisha hofu. Vidole vinawaka kama vina ganzi. Midomo inacheza. Kichwa kinazunguka. Baada ya muda si mrefu inakwisha yote, naye anabaki amechoka kama aliyelima ekari nzima.

Mama huyu anadhani amekosa hewa. Kumbe amevuta hewa kupita kiasi! Hili linawashangaza wengi, nami lilinishangaza nilipofundishwa darasani. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwenye hofu hupumua mara nyingi zaidi, juu juu kifuani. Anatoa nje hewa ya kaboni nyingi kuliko inavyotakiwa. Hewa ya kaboni ni ile chafu tunayoitoa tunapopumua, lakini mwili unahitaji kiasi chake ndani ya damu. Ikipungua sana, vidole vinapata ganzi, kichwa kinazunguka, na kifua kinabana. Anapoona hayo, anaogopa zaidi. Akiogopa zaidi, anahema zaidi. Anazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

Namna ya kukata kamba hiyo ni kutoa pumzi polepole. Jifunze sasa ukiwa mzima, usingoje siku ya hofu.

Kaa kwenye kigoda. Inama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti. Legeza mabega. Weka kiganja kimoja juu ya tumbo, usawa wa kitovu. Vuta hewa kwa pua taratibu, ukihesabu moyoni moja, mbili, tatu. Tumbo lisukume kiganja. Kisha bana midomo kama unapuliza uji wa moto wa uwele, utoe hewa polepole ukihesabu mpaka sita. Usipulize kwa nguvu, uji usije ukamwagika. Rudia kwa dakika tano. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Hiyo ndiyo siri yake. Kama sita ni nyingi, anza na nne.

Fanya hivyo asubuhi na jioni kila siku, hata kama hujisikii vibaya. Siku joto likija, mwili utakuwa umekwisha zoea. Fungua kanga kifuani, toka penye upepo, lowesha uso na shingo kwa maji, kisha anza kuhesabu. Wengine hushauri mtu apumulie ndani ya mfuko wa plastiki. Usifanye hivyo. Kama ugonjwa wako ni wa moyo au mapafu, mfuko huo unaweza kukuua.

Lakini tafadhali, mama, usisome habari za mama wa pili ukasema, "Huyu ndiye mimi," ukafunga gazeti. Mama wa pili naye alipaswa kupimwa kwanza. Yapo magonjwa yanayovaa nguo za kukoma hedhi.

Kifua kikuu huleta jasho la usiku. Kukoma hedhi nako huleta jasho la usiku. Tofauti ni kwamba mwenye kifua kikuu mara nyingi hukohoa wiki mbili au zaidi, hukonda, hukosa hamu ya chakula, na jioni ana homa. Kipimo cha makohozi na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nayo huleta joto, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na wasiwasi, hata mtu aapa kwamba ni kukoma hedhi. Mwenye tezi hiyo hukonda ingawa anakula. Na usicheke, lakini ipo mimba. Mama wa miaka 46 amekosa hedhi miezi minne, anasema amekoma, kumbe ana mtoto tumboni, na pumzi inabanwa na mimba. Kabla ya kutimiza ile miezi 12 bado unaweza kushika mimba. Kama hujafika miaka 50, wataalamu wanashauri uendelee na uzazi wa mpango mpaka ipite miaka 2.

Moyo nao utazamwe. Estrojeni ilikuwa inasaidia kuilinda mishipa ya damu. Inapoondoka, hatari ya presha na ugonjwa wa moyo inaongezeka. Presha haina sauti. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi asijue. Pima. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, na ikarudia hivyo siku nyingine, una presha na unahitaji kutibiwa. Kama unakosa pumzi unapolala chali mpaka uweke mito miwili au uketi, na miguu imevimba, hiyo ni dalili ya moyo kuchoka. Hilo si jambo la kusubiri mpaka mavuno yaishe.

Na moshi. Kwetu mama amepikia kuni tangu akiwa msichana, wengine ndani ya tembe isiyo na tundu la moshi. Mapafu yake yamekula moshi kwa miaka 35 au 40. Anakohoa kila asubuhi, kifua kinapiga filimbi, na miezi ya vumbi na upepo, Julai mpaka Septemba, hali inazidi. Hiyo si hedhi, hayo ni mapafu. Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati wa kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni mpango mzuri. Lakini kifua chako hakiwezi kungoja mwaka 2034. Pikia nje penye upepo kunapokuwa hakuna mvua. Kausha kuni vizuri. Toboa tundu la moshi. Maharage yaloweke usiku ili yaive upesi.

Haya, tuseme umepimwa. Damu ni nyingi, presha ni nzuri, mapafu hayana neno, mimba hakuna. Mganga anakuambia, "Mama, ni kukoma hedhi na wasiwasi." Hapo kina mama wengi wanakasirika. Wanasema, "Ina maana mimi nina wazimu? Unanipeleka Mirembe?" Sisi watu wa Dodoma tuna tabu hii. Hospitali ya Mirembe ipo hapa hapa kwetu, imetibu watu tangu enzi za Waingereza, nasi tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Wasiwasi si wazimu. Jasho ni la kweli, moyo unaodunda ni wa kweli, na pumzi fupi ni ya kweli. Kama wasiwasi unakushika kila siku, huli, hulali, au unafikiri ni afadhali kufa, basi unastahili kuonwa na wataalamu wa afya ya akili kama vile mwenye jino anavyostahili kuonwa na mganga wa meno. Mwenye fikra za kufa asingoje hata siku moja, aonwe leo, wala asiachwe peke yake.

Dawa zipo. Kuna dawa za homoni zinazorudisha kidogo ile estrojeni, na kuna dawa nyingine zinazopunguza joto na wasiwasi. Hizi zinatolewa na daktari wa hospitali, si zahanati, kwa sababu lazima aulize mambo mengi kwanza. Mwanamke aliyewahi kupata saratani ya matiti au damu kuganda katika mishipa hapewi za homoni kiholela. Ukipewa barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, nenda nayo. Usiiweke chini ya godoro.

Dukani usinunue dawa kwa kukisia. Vidonge vya pumu vinafanya moyo uende mbio zaidi, na wewe tatizo lako ni moyo kwenda mbio! Dawa za usingizi zinakuzoea upesi mpaka usilale bila hizo. Dawa ya presha ya mtu mwingine inaweza kuishusha yako mpaka uanguke.

Nyumbani, punguza chai ya rangi nzito na kahawa jioni. Pombe nayo, iwe ya kienyeji au ya chupa, huleta joto na kukata usingizi. Vaa nguo nyepesi za pamba, weka maji karibu na kitanda. Kutembea na kulima kunasaidia, ukiwa umepimwa na kuonekana huna upungufu wa damu wala moyo. Zungumza na wenzako wa rika lako, kwenye kikundi au mkiwa bombani. Utashangaa ni wangapi wanaolowesha shuka usiku wakidhani wako peke yao.

Sasa baba, nizungumze na wewe. Mkeo akiamka usiku wa manane anahema, usimuulize, "Umekuwaje tena?" Washa taa. Mketishe. Kaa mbele yake na uhesabu naye kwa sauti ya chini, tatu za kuvuta, sita za kutoa. Mtazame. Ikiwa kifua kinamuuma kama kimewekewa jiwe, au maumivu yanakwenda kwenye taya, mgongo au mkono, au midomo imekuwa ya buluu, au anakohoa damu, au mguu mmoja umevimba na kuuma, au anashindwa kumaliza sentensi moja kwa kukosa pumzi, usiendelee kuhesabu. Tafuta gari au pikipiki usiku huo huo na mfike hospitali.

Ikiwa hana hayo, na baada ya kuhesabu ametulia, mwache alale. Asubuhi mpeleke zahanati. Mkienda kwa baiskeli, yeye apande nyuma, wewe usukume. Mkifika mezani, kama anaona haya kusema, msemee wewe: lini alipata hedhi ya mwisho, damu ilikuwa nyingi kiasi gani, na pumzi inamkata akiwa amebeba ndoo au akiwa ameketi.